Surua: Inaingia Puani, Inatokea Machoni



Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, kazi za chumba cha habari zimenibana. Leo nimerudi na jambo lililonikaa kichwani tangu Jumamosi iliyopita.

Tulikuwa kwa rafiki yangu Kimara, vijana kama kumi hivi, nyama inachomwa, soga zinaendelea. Mtoto wao ametimiza miezi tisa, na mama yake akataja kwamba Jumatatu anampeleka kliniki kwa chanjo ya surua. Jamaa mmoja pale, msomi mwenye shahada mbili, akacheka. "Surua? Si vile vipele vya utotoni? Mwache aumwe siku tatu yaishe, apate kinga ya asili." Watu wakacheka naye, maongezi yakahamia kwenye mpira.

Kilichoniuma ni kwamba mimi pia nilinyamaza. Mimi mwandishi wa habari, mtu wa kuuliza maswali, sikuwa na la kumjibu. Nikiwa kwenye daladala kurudi nyumbani ndipo nikamkumbuka Mama Mkubwa.

Mama Mkubwa ni dada yake mama. Jicho lake la kushoto ni jeupe, lina chamba kilichofunika mboni yote. Nimekua nikiliona hivyo, nikadhani alizaliwa nalo. Utotoni tuliambiwa tusilitazame sana, ni utovu wa adabu, basi hata kuuliza hatukuuliza. Jumapili jioni nikampigia simu.

"Shikamoo Mama Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Leo umenikumbuka?"

Nikamwuliza. Akakaa kimya kidogo, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Surua hiyo. Mwaka wa njaa, sabini na nne. Nilikuwa na miaka minne."

Akanisimulia. Kijiji kiko nje ya Dodoma. Surua iliingia ikapita nyumba hadi nyumba. Kwao waliugua wawili, yeye na mdogo wake wa kiume. Macho yakawa mekundu, mwanga ukawa unachoma, bibi akawafungia kwenye chumba chenye giza. Midomo ikajaa vidonda, uji haupiti. Bibi akamwekea maji ya majani machoni kama alivyoelekezwa na wazee. Mdogo wake akafa siku ya tisa. Yeye akapona, ila jicho likabaki hivyo. "Siku zile," akaniambia, "mtu hakutaja ana watoto wangapi mpaka surua ipite kwanza."

Mama yangu alikuwa hajazaliwa. Kwa hiyo nina mjomba ambaye sikuwahi kujua kwamba alikuwepo.

Haya, tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma. Swali langu lilikuwa moja: vipele vya ngozi vinafikaje kwenye jicho?

Jibu la kwanza ni kwamba nilikosea swali. Surua, ambayo wenzetu wa Kenya huiita ukambi, siyo ugonjwa wa ngozi. Ni ugonjwa wa njia ya hewa, wa ukoo mmoja na magonjwa ya kukohoa na kupiga chafya. Mgonjwa akikohoa ndani ya chumba, kirusi kinaweza kuelea humo hadi saa mbili baada ya yeye kuondoka. Ukiingia ukavuta pumzi, umekipata. Wataalamu wanakadiria kwamba mgonjwa mmoja, pasipo kinga katika jamii, anaambukiza watu 12 hadi 18. Magonjwa yanayoambukiza kuliko hapo ni ya kutafuta kwa tochi.

Kikishaingia puani na mapafuni, kirusi hiki kinafanya ujanja wa ajabu. Kinawavamia wale wale askari wa mwili wanaolinda njia ya hewa, kinapanda migongoni mwao, nao wanakibeba mpaka kwenye tezi. Kinazaliana humo, kinaingia kwenye damu, kinatawanyika mwili mzima: ngozi, utumbo, macho, na mara nyingine ubongo. Vipele tunavyoviona hutokea siku kama 14 tangu mtu aambukizwe. Kwa maneno mengine, vipele ni tangazo tu. Safari yenyewe imeshafanyika kimya kimya, na mgonjwa amekwisha kuwaambukiza wenzake kwa siku kama nne kabla hata hajaonekana kuwa na surua.

Watu walianza kuyajua haya polepole sana. Tabibu Mwajemi al-Razi, aliyefariki karibu mwaka 925, aliandika kitabu cha kutenganisha ndui na surua, na ndani yake akaweka maelezo ya namna ya kulinda macho na koo la mgonjwa. Yaani miaka elfu moja na zaidi iliyopita, bila darubini, mtu alishaona kwamba ugonjwa huu unayaendea macho.

Halafu kuna kijana mmoja wa Denmark ambaye nimempenda sana, Peter Panum. Mwaka 1846 surua ililipuka kwenye visiwa vya Faroe, kaskazini mwa Uingereza, visiwa vyenye watu wasiofika 8,000. Karibu 6,000 waliugua. Serikali ya Denmark ikamtuma Panum, daktari wa miaka 25, umri wa wengi wetu hapa. Yeye alifanya kazi ambayo mimi ningeiita ya uandishi wa habari: alizunguka kijiji hadi kijiji akiuliza nani alikuja lini, alikutana na nani, alitoka vipele siku gani. Kwa kuhesabu tu akagundua kwamba kutoka kukutana na mgonjwa hadi vipele ni siku 13 au 14. Akagundua pia jambo la pili. Surua ilikuwa imepita visiwani humo mwaka 1781, na wazee walioipata enzi hizo, miaka 65 nyuma, hakuna hata mmoja aliyeugua tena.

Kumbe kile alichokisema jamaa yetu wa Kimara kina ukweli nusu: ukiugua surua ukapona, kinga unaipata. Nusu nyingine ni bei yake. Na bei hiyo ndiyo niliyotaka kuijua.

Tuanze na jicho. Kirusi cha surua chenyewe kinashambulia ngozi laini ya jicho na kile kioo cha mbele, ndiyo maana ya ule wekundu na kuogopa mwanga. Kwa mtoto anayekula vizuri, mara nyingi jicho linapona lenyewe. Tatizo ni kwamba surua inakausha akiba ya vitamini A mwilini, na vitamini A ndiyo inayofanya kioo cha jicho kiwe laini, chenye unyevu na kiweze kujitibu. Mtoto aliyekuwa na akiba ndogo tangu mwanzo, ambaye sasa ana vidonda mdomoni hali chakula, anaharisha, akiba ile inaisha kabisa. Kioo kinakauka, kinapata kidonda, na wakati mwingine kinayeyuka ndani ya siku chache. Kidonda kikipona kinaacha kovu jeupe. Hicho ndicho chamba cha Mama Mkubwa. Mwaka wa njaa, mtoto wa miaka minne. Ukiyajumlisha mambo hayo unaona kilichotokea ndani ya kile chumba chenye giza.

Sasa sikilizeni kisa hiki, maana ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Mwaka 1932 daktari mmoja wa London, J. B. Ellison, aliwagawa watoto 600 wenye surua mafungu mawili ya watoto 300 kila moja. Fungu moja aliwapa mafuta yenye vitamini A kwa wingi, jingine hakuwapa. Waliopewa walikufa 11. Wasiopewa walikufa 26. Akayachapisha matokeo yake kwenye jarida kubwa la madaktari wa Uingereza. Kisha? Kisha ikasahaulika. Dawa mpya zikaja, maisha ya Ulaya yakawa bora, watoto wao wakawa hawafi sana kwa surua, na hakuna aliyeona haja ya kufukua makaratasi ya 1932.

Ikapita nusu karne. Kwenye miaka ya 1970 na 1980 daktari wa macho Mmarekani, Alfred Sommer, alikuwa Indonesia akichunguza watoto wasioona usiku kwa kukosa vitamini A. Akagundua kitu ambacho hakukitafuta: watoto wale walikuwa wakifa kwa wingi kuliko wenzao, hata wale ambao upungufu wao ulikuwa mdogo. Alipolisema hilo mwaka 1983, wengi hawakumwamini. Kidonge cha senti chache kinaokoaje maisha?

Sehemu mojawapo ambako swali hilo lilijibiwa ni kwetu. Ni Mvumi, hospitali ya misheni kusini mashariki mwa Dodoma mjini. Pale alikuwepo daktari wa macho Mwingereza, Allen Foster, ambaye alikuwa akiwapokea watoto wa Ugogo wenye vidonda vya macho. Yeye na Sommer walichunguza chanzo cha vidonda hivyo, na surua ikatokea kuwa miongoni mwa sababu kubwa kabisa, pamoja na upungufu wa vitamini A, kirusi cha hepesi, na dawa za kienyeji zinazowekwa machoni. Niliposoma orodha hiyo nikafunga kompyuta kwa muda. Nilikuwa nasoma simulizi ya Mama Mkubwa kwenye jarida la kitabibu. Sikutaka hata kumwambia lile la majani. Bibi alitaka kumponya mwanawe kwa kile alichokuwa nacho.

Hapo hapo Mvumi likafanyika jaribio jingine, na matokeo yakachapishwa Januari 1987. Watoto 180 waliolazwa kwa surua waligawanywa kwa bahati nasibu. Waliopewa vitamini A kwa siku mbili mfululizo walikuwa 88, wakafa 6. Wasiopewa walikuwa 92, wakafa 12. Kwa idadi ndogo hiyo mtu angeweza kusema ni bahati tu. Lakini walipowatazama wa chini ya miaka miwili, aliyekufa katika fungu la vitamini ni mmoja, na katika fungu la pili ni saba. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF wakatoa tamko la kuhimiza watoto wenye surua wapewe vitamini A kwenye nchi zenye upungufu. Mwaka 1990 madaktari wa Cape Town wakatoa matokeo ya jaribio lao la watoto 189: waliopewa walikufa 2, wasiopewa 10.

Kwa hiyo ukisikia mwezi wa sita na wa kumi na mbili watoto wanaitwa kupewa matone ya vitamini A, jua kwamba historia ya tone lile imepitia Dodoma. Mimi sikufundishwa hilo shule ya msingi wala sekondari. Wewe je?

Sasa tuje kwenye ubongo. Hapa naomba msomaji mwenye mtoto mdogo avumilie.

Mwandishi wa vitabu vya watoto Roald Dahl alikuwa na binti, Olivia. Mwaka 1962, akiwa na miaka saba, Olivia aliugua surua kule Uingereza. Hakuwa mtoto wa njaa, hakuwa kijijini. Alikuwa anaelekea kupona, amekaa kitandani, baba yake anamfundisha kutengeneza vinyama vya nyaya ndogo. Baba akaona vidole vya mtoto havimtii. Baada ya saa moja alipoteza fahamu, na kabla ya siku kwisha alikuwa amefariki. Ubongo ulikuwa umevimba. Katika miaka ya 1980 Dahl aliandika waraka kwa wazazi akiwasihi wachanje watoto wao, kwa sababu Olivia alipougua chanjo ilikuwa bado haijatoka. Kuvimba kwa ubongo kwa namna hii kunampata takriban mgonjwa mmoja kati ya 1,000. Baadhi hufa, na wengine hubaki na kifafa, uziwi au ulemavu wa akili.

Ipo namna ya pili, inayotisha zaidi kwa sababu inasubiri. Mwaka 1933 daktari Mmarekani James Dawson alieleza ugonjwa wa ajabu wa ubongo kwa mtoto, akaona alama ndani ya chembe za ubongo zilizomfanya ashuku kirusi. Hakujua ni kirusi gani. Ilipofika miaka ya 1960, kwa darubini za elektroni, ndipo ikajulikana kwamba ni surua. Mtoto anaugua akiwa mdogo, mara nyingi kabla ya miaka miwili. Anapona, vipele vinaisha, anakua, anaanza shule. Kirusi kimejificha ndani ya ubongo kikibadilika taratibu. Miaka sita, saba, kumi baadaye alama zake darasani zinaanza kushuka. Mwalimu anadhani ni mvivu. Kisha mwili unaanza kushtuka-shtuka, anaanguka, wengine wanapoteza kuona. Karibu wote hufa, na tiba ya kuwaponya haijapatikana.

Zamani ilidhaniwa kwamba jambo hili ni nadra mno. Mwaka 2017 watafiti wa California walipiga hesabu upya, wakakuta kwamba miongoni mwa waliougua surua kabla ya miaka mitano, ni mmoja kati ya 1,367, na kwa walioipata kabla ya kutimiza mwaka mmoja, ni mmoja kati ya 609. Septemba 2025 mamlaka ya afya ya Los Angeles ilitangaza kifo cha mtoto wa umri wa shule kwa ugonjwa huu. Aliambukizwa surua akiwa kichanga, kabla hajafikia umri wa kuchanjwa. Hakuna alilokosea yeye wala wazazi wake. Mtu mwingine, ambaye huenda angeweza kuchanjwa, alikohoa karibu naye.

Chanjo yenyewe ilianzia kwenye koo na damu ya mwanafunzi mmoja wa bweni karibu na Boston, mwaka 1954, pale daktari Thomas Peebles, aliyekuwa akifanya kazi kwa John Enders, alipofanikiwa kukinasa kirusi. Ilipitishwa Marekani mwaka 1963. Kabla ya hapo surua ilikuwa ikiua takriban watu milioni 2.6 duniani kila mwaka. Tanzania ilianza mpango wake wa taifa wa chanjo mwaka 1975. Rudia kusoma mwaka huo. Mama Mkubwa na mdogo wake waliugua 1974. Sisemi kwamba sindano ingefika kijijini kwao mwaka ule ule, mambo yalichukua muda. Nasema tu walikosa kwa kidogo namna hiyo. Tangu 2014 watoto wetu wanapewa dozi mbili, ya miezi 9 na ya miezi 18, na sindano hiyo inakinga pia rubela.

Nilidhani habari inaishia hapo, kwa ushindi. Kumbe haijaisha. Mwaka 2025 surua ililipuka magharibi mwa Texas, zaidi ya watu 750 wakaugua, watoto wawili ambao hawakuchanjwa wakafa, katika nchi iliyokuwa imetangaza kuitokomeza mwaka 2000. Baadhi ya wazazi kule walisikia kwamba vitamini A inasaidia surua, wakawapa watoto nyumbani badala ya chanjo, na madaktari wakapokea watoto ambao maini yao yalionyesha dalili za kuzidishiwa vitamini hiyo. Nilisikitika. Elimu iliyopatikana kwa watoto wa Mvumi, waliokufa 12 upande huu na 6 upande ule, imefika Texas ikiwa imegeuzwa kichwa chini. Vitamini A inamsaidia aliyekwisha kuugua, tena kwa kipimo cha daktari. Haizuii kuambukizwa.

Hapo ndipo nilipomwelewa jamaa yetu wa Kimara. Si mjinga. Ni mtu ambaye hajawahi kuiona surua, na mimi pia sijawahi kuiona. Sisi tuliozaliwa baada ya chanjo kuenea tunaijua surua kama neno kwenye kadi ya kliniki. Kizazi cha mama zetu wakubwa kinaijua kwa majina ya waliokufa, ila hatuwaulizi, na wao hawasemi kwa sababu ni mambo ya huzuni na mtoto hatazamwi jicho. London walisahau walichokigundua 1932, na watoto wakaendelea kupofuka nusu karne. Sisi tukisahau ugonjwa wenyewe, itakuwaje?

Jana nimempigia tena Mama Mkubwa, nikamwuliza jina la mdogo wake. Akaniambia. Sitaliandika hapa, ni la familia, lakini nimelipeleka kwa mama na wadogo zangu, maana nao hawakulijua.

Na yule mtoto wa Kimara alichanjwa Jumatatu. Mama yake ametutumia picha, mtoto amevimba mashavu kwa hasira. Jamaa yetu nimemwandikia ujumbe mrefu. Amejibu: "Duh." Nadhani ni mwanzo.

Kama una mama mkubwa, bibi au jirani wa umri huo, hebu mwulize kuhusu surua, na usisahau kumwamkia kwanza.

Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.